Vita vya Sebuleni

Nilikuwa nimebakiza risasi chache na ngazi moja ya kupanda, moshi umetanda hata sioni niendako, pale baba aliposema, "Nyuma!"

Nikageuka. Adui alikuwa ameshainua bunduki, nikamwahi. Akaangukia vifusi, nami nikaendelea kupanda, na nilikuwa nimeshafika juu ya paa ndipo akili iliponirudia. Baba hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kilipomwangusha, na tangu hapo misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita.

Nikaitupa pedi ya gemu kwenye kochi. "Baba! Umesema nini?"

Alikuwa kitini kwake kando yangu, mkono wa kulia umelala mapajani. Hakunitazama mimi, aliitazama tivii, uso kaukunja. Na kweli, kule kwenye tivii nilikuwa nimesimama juu ya paa kama mlingoti, wakanipiga nikafa.

Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina povu. "Nani kasema?"

"Baba."

"Kasemaje?"

"Kasema 'nyuma'. Kulikuwa na mtu nyuma yangu. Kwenye gemu."

Akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mashavu kwa mikono ile ile yenye povu. "Sema tena, mume wangu. Sema chochote. Hata unitukane, sema." Midomo ya baba ikahangaika, ikajikusanya, ikatoa "ta-ta-ta" yake ya kila siku, kisha machozi yakaanza kumtoka. Mama alimfuta. Aliposimama alinitazama mimi, akasema taratibu, "Amekuambia wewe."

Nikiikumbuka siku ile leo, na baba ametutoka, sikumbuki furaha. Nakumbuka jinsi mama alivyorudi jikoni kumalizia vyombo.

Hiyo gemu ya vita niliingia nayo pale nyumbani nilipoachika. Nilitoka kwa mtalaka wangu na friji pamoja na lile dude lake la kuchezea. Friji nililinunua mimi. Lile dude nililibeba kumkomoa, maana alilipenda kuliko alivyonipenda mimi, na kama kumkomoa kulikuwa na faida nyingine sikuijua. Likakaa chini ya kitanda miezi. Halafu siku moja nikaliwasha nione ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinishinda. Nikanogewa. Ndiyo, cheka, na mimi nilicheka.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za kampuni ya maji. Kutwa nzima hedifoni masikioni, watu wananitukana kwa bomba ambalo sikulipasua mimi. Jibu langu lilikuwa limebandikwa ukutani mbele yangu: pole sana kwa usumbufu, tunalifanyia kazi. Nani analifanyia kazi? Mafundi walikuwa wawili na gari bovu. Na msimamizi alisikiliza upande wa pili kuhakikisha natabasamu, eti tabasamu husikika kwenye simu. Nikitoka pale hata salamu nilikuwa naiona mzigo.

Kwenye gemu hakuna aliyetaka nitabasamu. Kamanda ananiambia teka daraja lile, basi. Daraja nalijua, adui namjua, nikimlenga anaanguka. Nikikosea nakufa, na kufumba na kufumbua nimesimama tena, magwanda safi, mzima wa mikono na miguu. Nadhani hicho ndicho kilichonivuta kuliko risasi zenyewe. Kule mtu ni mzima, au amekufa na atarudi akiwa mzima. Hakuna anayebaki nusu, akawa anageuzwa kitandani na mkewe. Nilikuwa nimechoka kumwona baba akiwa nusu, na niliona haya kwamba nimechoka.

Mama ndiye aliyekuwa na haki ya kuchoka, lakini hakuchoka, au hakusema. Alimwogesha, alimlisha, alimnyoa ndevu. Alibandika ukuta mzima picha alizoachiwa na dada wa mazoezi ya kuongea: kikombe, ng'ombe, ufunguo, kiatu. Kila asubuhi alisimama mbele yake kama mwalimu wa chekechea, kidole kwenye picha. "Hiki ni kiko...? Malizia, baba watoto. Kiko...?" Baba alimtazama kidole, akamtazama mdomo, ta-ta-ta. Majirani walimwambia subira yavuta heri. Mimi nikawa najiuliza inavuta kwa kamba gani, mbona haifiki.

Basi fikiria. Baada ya picha zote zile, neno la kwanza likaenda kwa mwanamke mzima aliyekaa kwenye kochi akiua watu wasiokuwepo.

Dada wa mazoezi alipokuja hakushangaa. "Kuna maneno mtu anayatafuta, na kuna yanayomtoka yenyewe," alisema. "Yale ya kutafuta, njia yake imebomoka. Ya kustuka yana njia yake. Msimlazimishe, lakini msiache hicho kinachomstua."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutafutiwa maneno," mama akasema. "Huyu ndiye yanayemtokea."



Nikaendelea kucheza, safari hii kwa ruhusa ya hospitali. Jumamosi na Jumapili, na jioni nikirudi mapema. Na maneno yakaja. Yalikuwa machache, na yale yale: nyuma, kulia, pole pole, simama. Siku moja nilikuwa nakimbia kuvuka uwanja wazi nikasikia, "Kioo!" Nikacheka mpaka nikauawa. Vita gani vina kioo cha pembeni? Hapo ndipo nilipotazama chini, nikauona mguu wake wa kushoto, ule uliobaki mzima. Ulikuwa unakandamiza sakafu.

Alikuwa anashika breki.

Maisha yake yote ya kazi baba alifundisha udereva. Alikaa kiti cha abiria, breki yake ya ziada chini ya mguu, pembeni yake mtoto wa mtu anayetetemeka usukanini. Kazi yake ilikuwa kuona hatari kabla ya mwenziwe na kuisema kwa neno moja, kwa kuwa la pili lingechelewa. Kumbe yule mtu hakuwa anacheza gemu nami. Alikuwa kazini. Nililia siku ile, na sikujificha.

Nilimweleza mama, nikidhani itamtuliza. Wapi! Alikuwa anakunja nguo. "Kwa hiyo watoto wa watu wote mji huu amewaambia shika breki, na wewe amekuambia," alisema. "Mimi nimeolewa naye nikiwa binti, nimemzalia, nimemgeuza usiku na mchana, halafu nisikie sauti ya mume wangu kupitia ukuta, anaongea na bunduki."

"Mama, si kwamba hataki kuongea nawe."

"Najua anataka. Ndiyo maana inauma."

Tangu siku hiyo ikawa nikiwasha tivii anachukua kanga yake anaenda kukaa kwa jirani. Anarudi vita vimekwisha, anamuuliza baba kama ameshinda, baba anatabasamu nusu uso, ta-ta-ta. Mimi najifanya nasoma simu. Nilimhurumia, halafu nilimkasirikia kwa kunifanya nimhurumie. Nilikuwa nimetoka kuhurumia watu wa mabomba kutwa nzima. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia kidogo kwamba ni mimi niliyechaguliwa.

Hali ikawa hivyo hadi Jumapili moja baada ya chakula. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza, kamanda anaeleza habari za barabara ya kulinda, mama akatokea mlangoni mwa chumba chake. Kanga hakuibeba. Akaja akasimama mbele ya kochi.

"Sogea. Nipe hicho kidude."

"Mama, hii ngumu."

"Nimekuzaa wewe, kitanishinda hicho?"

Nikampisha. Akakaa mahali pangu, bega lake karibu na bega la baba. Hakuwahi kukaa naye hivyo kwenye gari. Alikataa kabisa kufundishwa na mumewe, alisema mume akikufundisha gari mnaondoka nyumbani wanandoa mnarudi watalaka, akapanda mabasi miaka yote hiyo. Nikamwonyesha: hiki cha kutembea, hiki cha kutazama, hiki cha kufyatua, hiki cha kuinama. Alishika pedi kwa ncha za vidole kama kitu kitakachomwagika. Askari wake akatazama mbingu, akazunguka, akagonga ukuta, akaendelea kutembea huku uso umeganda ukutani.

Baba akageuza shingo. Akatazama ukuta ule, akamtazama mkewe.

"Kulia," akasema.

Mama hakupiga kelele. Niliona tu kidole gumba kikiteleza, na askari akazunguka, akatoka uchochoroni, akaingia katikati ya barabara mchana kweupe. Risasi zikaanza. Mguu wa baba ukagonga sakafu. "Simama! Simama!" Mama akatembea. "Inama!" Baba alikuwa amejivuta mbele mpaka nikaogopa ataanguka kitini. "Inama! We mwanamke! Inama!"

Wakamuua. Mama akangoja, midomo kaifumba, mpaka askari wake akasimama tena akiwa mzima. Halafu akampeleka pale pale, katikati ya ile barabara, pole pole, bila hata kuinua bunduki. Baba akafoka. Jina la mama la ujana, ambalo sisi watoto tulilisikia kwa wajomba tu, likatoka limevunjika vipande viwili, na neno inama nyuma yake.

Mashavu ya mama yalikuwa yamelowa. Nikadhani amechanganyikiwa, hakioni kile kitufe. Nikanyoosha mkono kwenye pedi. "Mama, bonyeza hapa, ujifiche."

Akanipiga kikofi mkononi bila kuondoa macho kwenye tivii.

"Wewe nyamaza," akasema. "Baba yako anaongea."