Ngozi ya Kiti cha Baba

Kiangazi cha 1984 kilimaliza ng'ombe wetu wote kule Kitui. Baba yangu, Nzomo, alikuwa akifanya kazi ya breki kwenye reli, nasi tukiishi nyumba ya reli hapa Makongeni. Kila alipopata habari kwamba ng'ombe ameanguka, alipanda basi kwenda kumchuna, akauza ngozi. Lakini kabla ya kuuza alikata kile kipande chenye chapa ya ukoo, mistari miwili iliyopinda kama mbavu, akakichoma moto. Hakutaka alama ya baba zake ikanyagwe na watu asiowajua.

Baba alifariki mwezi wa Novemba. Reli walitupa muda mfupi wa kurudisha nyumba. Mimi nilikuwa nimepata chumba mtaa wa Ziwani, lakini Mama alikataa kuja kuishi nami.

"Nitarudi kwetu," alisema.

"Kwenye boma tupu, Mama?"

"Boma ni la kwangu."

Mwezi wa Januari ikatangazwa kwamba serikali itawapa mtamba mmoja mmoja waliopoteza mifugo yote, na kwamba wenye jamaa hapa mjini wangeandikishwa katika ukumbi wa mtaa. Tulienda na jirani yetu Obura, aliyefanya kazi na Baba miaka mingi. Ofisa wa mifugo, kijana aitwaye Mulama, alikuwa na meza, mkasi mkubwa, na rundo la vipande vya ngozi miguuni pake.

"Ngozi iko wapi, mama?" aliuliza.

"Ziliuzwa."

"Hata moja yenye chapa haikubaki? Maana watu wameanza kuazimana ngozi. Moja imepita hapa mara tatu. Bila chapa siwezi kukuandika, na nikiiona naikata isirudi tena."

Mama alimweleza jinsi Baba alivyokuwa akikata vipande vya chapa na kuviteketeza. Mulama alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwamini, lakini mkubwa wake hataamini, na kwamba yeye mwenyewe angekuwepo hapo hadi jioni.

Njiani Obura alisema, "Shemeji, huyu Nzomo alikuwa mtu gani? Mwanamume anachoma ushahidi wake mwenyewe! Hata wezi wa makaa pale yadi wana akili kumshinda."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Tulipofika nyumbani Obura aliketi kwenye kiti cha Baba, kama alivyozoea. Kilikuwa kiti cha mbao kilichotupwa na stesheni, na Baba alikuwa amekiwamba ngozi mwaka ule ule wa kiangazi, manyoya yakiwa juu. Mama alikuwa akimwangalia.

"Obura, inuka."

"Nimekosa nini tena?"

Mama alikipindua kiti. Upande wa chini wa ngozi, pale joto la chuma lilipopenya, mistari miwili ilionekana kama kovu. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe wetu mwenye paji jeupe, wa mwisho kufa, ndama wa ng'ombe ambaye Mama alimkuta bomani siku alipoolewa. Chapa ya huyu Baba hakuikata kuiteketeza, wala hakutuambia.

Nilisema tukiache. Baba alikuwa amekaa pale jioni zake zote za mwisho, na ngozi ilikuwa imebonyea kwa umbo lake. Nilimwambia Mama kwamba mtamba anaweza kufa kiangazi kijacho.

"Na mimi pia naweza kufa," alisema. "Obura, kishike upande ule."

Walikibeba wao wawili kupita barabarani, mimi nikifuata nyuma. Mulama alikitazama kiti, akamtazama Mama.

"Nikikata hapa, mama, kiti kimekwisha."

"Kata."

Ngozi ilikuwa kavu, mkasi ukawa unateleza. Mama mwenyewe alikivuta kitambaa chake cha kichwa, akaishikilia ngozi kwacho mpaka kipande kikatoka.

Mtamba alifika Aprili, baada ya mvua. Nilipokwenda Kitui nilimkuta ameshapigwa chapa, kidonda bado kibichi, na Mama ameegemea mlango wa zizi. Nilimwambia kiti kiko kwangu Ziwani na tundu lake, na kwamba ningeweza kumpa fundi akiwambe turubai.

"Usimpe mtu," alisema, akimwelekeza kidole yule mtamba. "Kisubiri. Ngozi yake bado inatembea."