Maumivu ya Teresina Yapanda Ndege

Mwaka 1976, katika uwanja wa ndege wa Juba, abiria alipimwa pamoja na mzigo wake. Ndege ilikuwa ndogo na rubani hakupenda kubahatisha. Kila mtu alipanda kwenye mizani ya magunia akiwa amekumbatia sanduku lake, kwa unyenyekevu wa mtu anayekwenda kupokea komunyo.

Teresina, mshona nguo wa Gurei, kitongoji cha Juba, aliwahi kuanguka kutoka kwenye lori lililowarudisha wakimbizi kutoka Uganda baada ya amani ya 1972, na mgongo wake haukumsamehe. Daktari mmoja wa Nairobi alimpandikizia kifaa cha umeme chini ya ngozi, chenye kiboksi cha kuwashia alichokifunga kiunoni. Akikiwasha, maumivu yalimtoka na kukaa kando yake. Yalikuwa na umbo la mwanamke mnene asiye na shukrani, na mumewe, Duku, aliyawekea kiti kama anavyomwekea shemeji yake. Sasa kifaa kilikuwa kikikatikakatika. Daktari alikuwa ameahidi kubadilisha waya Ijumaa, hukohuko Nairobi, kabla hajarudi kwao Ulaya moja kwa moja.

Teresina alipanda mizani. Maumivu yakapanda nyuma yake, na mshale ukalala upande wa pili. Rubani akaandika uzito. Tombe, askari wa ukaguzi, alikuwa akitazama kiboksi.

“Ya mama, hii kitu iko na chuma. Zima.”

Teresina alimweleza kwamba akizima hataweza kupanda ngazi. Tombe akajibu kwamba ngazi si kazi yake. Basi Teresina akazima. Maumivu yakamrudia yote kwa mpigo, akaanguka chini. Tombe akamfahamisha, kwa upole, kwamba mgonjwa asiyeweza kusimama hasafiri. Teresina akawasha, akasimama. Tombe akamfahamisha kwamba mwenye chuma kinachofanya kazi hasafiri.

“Sasa nisafiri vipi, kaka?”

“Kama watu wengine, mama.”

“Na chuma nyingine iko ndani ya mwili.”

“Toa kwanza. Ukifika utavaa.”

Baada ya hapo Tombe aliyapekua maumivu: mifuko, kandambili, mpaka ndani ya kilemba. Hayakuwa na chuma popote. Aliyashukuru kwa ushirikiano wao, akayapa tiketi ya Teresina, maana uzito ulikuwa umeshaandikwa. Maumivu yakapanda ngazi bila kugeuka, yakachukua kiti cha dirishani.

Ndege iliporuka, Teresina alisimama wima kuliko wakati wowote tangu siku ya lori. Hapakuuma kitu. Alikuwa na hasira ya mtu mwenye afya njema, akarudi nayo Gurei kwa miguu.

Jumapili kifaa kilizimika kabisa. Jumatatu maumivu yalishuka kwenye ndege yakiwa yamenenepa. Rubani alieleza kwamba daktari aliyapokea vizuri, akayachunguza siku nzima, hakuona mahali pa kuweka waya. Jioni akaondoka kwenda Ulaya.

Teresina, aliyefika uwanjani, aliomba aingizwe kwenye safari ya Alhamisi, kwa daktari mwingine yeyote. Maumivu yalikuwa tayari yanamwingia mgongoni, taratibu, yakijitafutia nafasi. Tombe aliigeuzageuza tiketi iliyorudi na maumivu, akaona mihuri yote miwili, wa kwenda na wa kurudi, iko sawa.

“Lakini mama, wewe umeenda na umerudi,” alisema, akainama ili amwone usoni. “Karibu nyumbani.”