Wakesho, Si wa Kesho

Mwaka ule wa hamsini na saba, Voi ilikuwa bado ni stesheni yenye mji kidogo pembeni. Yaani garimoshi likipiga honi, watu wananyamaza kulipisha, halafu wanaendelea na maneno pale pale yalipokatikia. Vumbi jekundu hadi ndani ya chai. Na jioni, wee! Jioni ndio ulikuwa unasikia kwaya zikifanya mazoezi, hii hapa, ile kule, sauti zinagongana hewani kama mbuzi.

Wakesho aliolewa hapo na Josephat wa reli, lakini moyo wake aliuacha Mghange, huko juu milimani, kwenye ukungu wa kuingia hadi jikoni. Huko mama hakuwa anatuma mtu akuite. Mama yake, Tryphena, alikuwa anasimama mwisho wa shamba la maharagwe, anaweka mkono karibu na mdomo, anaachilia: "Wakeshooooo!" Ile "sho" ilikuwa haikatiki. Inapanda kidogo, inashuka, inateremka na bonde lote, inamkuta Wakesho mtoni na debe lake la maji, na mama bado hajavuta pumzi nyingine. Wasichana wenzake walikuwa wanamcheka sana. "Jina lako lina mkia!"

Sasa Tryphena alikuwa ameshakufa, kifua kilimmaliza. Picha yake haikuwepo hata moja. Na sauti nayo ingezikwa hivyo hivyo, kama si Mwalimu Silvanus.

Huyu Silvanus alikuwa jirani yao Mghange kabla ya kuja kufundisha kwaya ya kanisa pale Voi. Mwito wa Tryphena ulikuwa umemkaa kichwani tangu ujana. Basi sikukuu ya kwaya ilipokaribia, kwaya za milimani na za Taveta zote zije Voi, akauchukua ule mwito na kuutungia wimbo. Mama anamwita mwanawe jioni: "Jua lazama, mwanangu Wakesho, rudi nyumbani." Kwaya zote zingeuimba pamoja, watu kibao. Wakesho alipoambiwa alijifunika uso na leso akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Ataitwa. Mara moja tu, lakini ataitwa!

Karatasi za wimbo zikachapwa ofisi ya kanisa, zikaletwa mazoezini zikinuka wino. Kwaya ikasimama, Silvanus akainua mkono, wakaanza kusoma.

"Jua lazama, mwanangu wa..." Wote wakavuta pumzi. "Kesho!"

Hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Zile noti za mkia, ambazo "sho" ilitakiwa kuteremka nazo, zilikuwa zimepewa maneno mengine. "Rudi" imekimbilia huko juu, "nyumbani" imeifuata, na mwisho wa mstari noti zimebaki tupu bila kitu cha kuimba. Akina mama wa sauti ya kwanza wakabaki midomo wazi, wanatazamana. Mmoja akaimba "la la" ili asipoteze njia. Watu wakaangua kicheko.

Wakesho, naye akiwa mstarini na waimbaji, hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi. Wa, nafasi, kesho. Kwa herufi ndogo.

"Mwalimu, jina langu liko wapi?"

Silvanus akasogeza miwani. "Aii! Karani amelikata." Akasoma tena, akakuna shingo. "Lakini hebu ngoja, Wakesho. Mwanangu wa kesho. Si mbaya, eh? Ina maana hata. Mchungaji anaweza kuihubiri."

"Mama hakuwa ananihubiria, Mwalimu. Alikuwa ananiita nikale."

Silvanus akavua miwani. Kisha akasema polepole, "Nenda kwa Musyimi. Mwambie mimi nimekutuma. Akikataa, mwenzangu, tutaimba ilivyo. Sikukuu ni Jumapili."

Musyimi, karani wa ofisi, alikuwa Mkamba mmoja mcheshi, na hapo alikuwa anapangusa wino vidoleni kwa kitambaa kichafu kuliko vidole vyenyewe.

"Karani, umenikata."

"Mimi? Dada, hata kuku sijawahi kukata!"

Akamwonyesha mstari. Musyimi akatabasamu kwa fahari. "Hapo nilimrekebishia mwalimu wenu. Alikuwa amelibandika neno pamoja, na herufi kubwa juu. Mwanangu wa kesho. Nikasema, huyu mwalimu alisinzia."

"Ni jina! Ni mimi!"

"Wewe ndio Kesho?" Akacheka hadi akashika meza. "Nyinyi Wataita! Na leo anaitwa nani?"

"Msichana aliyezaliwa asubuhi kwetu ni Wakesho. Kwenu mtoto wa asubuhi anaitwaje?"

"Kioko. Kakangu ni Kioko."

"Basi nikimwandika Ki, halafu nafasi, halafu oko, utafurahi?"

Kicheko kikamkauka Musyimi mdomoni. Akavuta kiti, akakaa. "Hapo," akasema, "mama yetu angekuja na mwiko."

Stensili, ile karatasi ya nta ambayo unaichora na wino unapita kwenye michoro, ilikuwa imebaki moja tu. Ikiraruka, basi. Musyimi akaitandaza taratibu kama anamfunika mtoto, akachora mistari, akapanga noti, akaanza kushusha maneno chini yake. Mwa, na, ngu. Kila kipande na noti yake. Wa, kistari, ke, kistari, sho.

"Vistari ndio kamba," Wakesho akasema. "Vinamshika mtu asivute pumzi katikati yangu."

"Na hizi noti baada ya sho? Niweke nini chini?"

"Usiweke kitu."

"Noti bila neno? Watu watasema Musyimi alichoka."

"Piga mstari tu, kutoka sho hadi mwisho wa mkia."

"Uishie wapi sasa? Hapa? Hapa?" Kalamu ya chuma ikaning'inia juu ya nta. "Dada, mimi sikumsikia mama yako. Niimbie."

Wakesho akatazama dirisha. Tangu mazishi alikuwa hajautoa mwito ule mdomoni, hata peke yake, hata akiosha vyombo. Aliogopa akiutoa, utatoka na sauti yake mwenyewe na kuifuta ile ya mama. "Mwalimu ameandika noti, zifuate hizo," akasema.

"Noti naziona. Pumzi siioni."

Wakesho akasimama wima. Akaweka mkono karibu na mdomo, maana bila mkono haikuwa inawezekana. Akaita. Kijumba kilikuwa kidogo sana kwa sauti ya bonde. Ikatoka dirishani, ikavuka uwanja hadi kwa wachukuzi wa stesheni, nao wakageuka kutafuta ni nani anayeitwa. Na kalamu ya Musyimi ikatembea nayo, polepole, ikishuka, hadi Wakesho alipoishiwa.

"Mh," Musyimi akasema, bila kuinua kichwa. "Kumbe ni ndefu hivyo."

Stensili haikuraruka.

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wa Taveta waliteremka garimoshi wakiwa tayari wanaimba, wa milimani walikuja na lori, na sketi zote zilikuwa zimepigwa pasi hadi zinakata. Silvanus alipopanga mistari aliona pengo.

"Wakesho! Mahali pako ni hapa."

"Leo siimbi, Mwalimu. Mtu hawezi kujiita."

Akaenda kukaa kwenye benchi la watazamaji, karibu na Nthambi, muuza ndizi wa sokoni, aliyekuwa akijipepea na karatasi ya wimbo. Silvanus akainua mkono. "Jua lazama," wakaanza, mamia ya watu. "Mwanangu..." Na hakuna aliyevuta pumzi. Jina likatoka zima, likapanda kidogo, likashuka. Karatasi zote zilikuwa na ule mstari mrefu usio na neno, na macho yote yaliufuata.

Nthambi akahisi benchi limekuwa jepesi. Akageuka. Wakesho alikuwa amesimama, ameshakunja leso, ameanza kupita katikati ya magoti ya watu.

"We mama, unaenda wapi? Wimbo haujaisha!"

"Naitwa," Wakesho akasema.