Fundo Lisilofunguka

Asubuhi mtoto wa kiume alipozaliwa katika ukoo wa mfalme, wa kwanza baada ya miaka arobaini, dada yangu Chizuru alikuwa anakoroga maharage mekundu kwenye sufuria kubwa. Redio ilitangaza. Hakuacha kukoroga. Baba alifuta mikono kwenye aproni, akapunguza sauti ya redio, akasema, "Haya. Mvulana."

Basi.

Punde simu ikalia. Mwenyekiti wa wenye maduka wa mtaa wetu alitaka manju nyekundu na nyeupe za kugawia mtaa mzima, zifike kabla ya mchana. Manju ni maandazi madogo ya mvuke yenye maharage matamu tumboni, na ukoo wetu umeyauza hapa mjini Takaoka tangu enzi za babu wa babu yangu. Nje watu walishaanza kutundika bendera. Stesheni walikuwa wanagawa gazeti la dharura, na watu wazima wenye tai wanaligombania.

Kila mwana wa kiume anayerithi duka letu huacha jina lake na kuitwa Jinbei. Baba ni Jinbei. Majira ya baridi yaliyopita, wakubwa wa serikali walipokuwa wanajadili kama binti naye akalie kiti cha ufalme, Chizuru alimuuliza baba lini atapewa jina hilo. Baba alicheka mbele ya wateja. "Siku ikulu ikimkubali binti, na mimi nitakubali. Mimi ni nani nimtangulie mfalme?" Ulikuwa mzaha, lakini Chizuru aliupokea kama ahadi. Kila asubuhi alisoma gazeti kabla ya chai. Duka moja la mji wa Kanazawa lililomwita kazini akaliambia lisubiri.

Tulikuwa tunapanga manju kwenye masanduku Bi Ogasa, muuza chai jirani yetu, alipoingia bila kubisha.

"Hongera! Hongera jamani! Ule mjadala wa mabinti si ndiyo umekwisha, mzee Jinbei?"

"Umekwisha," alisema baba.

"Na wewe Chizuru, mbona uso huo? Hujafurahi?"

"Nimefurahi, bibi. Mama na mtoto wote salama."

"Basi na wewe utuzalie dume!"

"Nitazaa na nani? Mwanao bado anamwomba mama yake ruhusa ya kwenda sinema."

Bi Ogasa alicheka hadi akashika meza, akaokota manju moja akaenda zake. Chizuru hakuwa amecheka. Alivuta kamba nyekundu na nyeupe, akafunga sanduku, akavuta nyingine, macho yake ukutani.

Baba alikuja kukagua. Akainua sanduku moja, akalirudisha. Akainua la pili.

Zawadi ya uzazi hufungwa fundo la kipepeo, ukivuta ncha linafunguka, kwa sababu heri hiyo tunataka irudi tena na tena. Fundo kaza ni la harusi na msiba, mambo tusiyotaka yajirudie. Masanduku yote ya Chizuru yalikuwa na fundo kaza.

"We Chizuru. Nani kaoa?"

Chizuru alitazama mikono yake kama ya kuazima. "Hakuna, baba."

"Nani kafa?"

Mvuke ulikuwa unapuliza chini ya kifuniko.

Nilisema mimi, mdogo wake wa kiume. "Baba, mpe dada hilo jina. Mimi silitaki."

"Iori, kuna mtu kakuuliza? Hata yule mtoto aliyezaliwa leo hakuulizwa."

Nilirudi kupanga manju.

Chizuru alichukua mkasi, akakata kamba moja baada ya nyingine, akafunga upya vipepeo vyote, sawasawa, vizuri kuliko siku yoyote. Sanduku moja hakuligusa. Kisha akanyanyua simu.

"Halo, ni Chizuru wa Takaoka. Ile nafasi bado ipo? … Ndiyo. Kesho naweza."

Baba alisikia kila neno. Alisubiri mpaka simu iwekwe.

"Na maharage ya kesho atachemsha nani?"

"Jinbei," alisema dada. Hakupaza sauti.

Alikunja aproni yake, akalisukuma lile sanduku lililobaki hadi mbele ya baba, akapanda ghorofani kufungasha. Mimi nilibeba masanduku ya mtaa. Mtu alinipa bendera ndogo ya karatasi. Niliishika njia nzima, sikuipeperusha wala sikuitupa. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Niliporudi, baba alikuwa bado amekaa na sanduku lake. Siku zilizofuata halikuondoka mezani. Manju za ndani bila shaka zilikuwa zimekauka. Fundo lile halifunguki kwa kuvuta, lazima ukate kamba. Mkasi uko pale pale, karibu na mkono wake. Kila asubuhi anausogeza kando ili apate nafasi ya kuchambua maharage, kisha ananiita nije nijifunze.