Siku ya Kumlisha Mpishi

Katika bonde la Silindung, mtu mzima haitwi kwa jina lake. Akishapata mtoto, jina la ujana hukunjwa na kuwekwa, naye akawa Baba Fulani au Mama Fulani mpaka wajukuu waje wambadilishie tena. Tiorida aliota mvi bila kubadilishiwa. Wakubwa walimwita Boru Hutagalung, binti wa akina Hutagalung, kana kwamba hajaolewa bado. Wanafunzi wa Shule ya Kilutheri ya Pansur Dolok, aliokuwa akiwapikia tangu mumewe alipofariki, walimwita Mama Jiko. Aliitikia yote mawili. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, isipokuwa kuhusu kuni mbichi na watu wanaobakiza wali.

Msimu ule wa mvua tumbo lilianza kumvimba. Alilifunga kwa kitambaa akaendelea kupika. Siku alipoanguka mbele ya sufuria, walimu walimpeleka hospitali ya mjini, na daktari akamwita mwalimu mkuu pembeni. Walirudi naye jioni ileile. Wakamlaza katika chumba chake nyuma ya jiko, na tangu hapo wasichana wa bweni wakawa wanapokezana kumkanda miguu na kumlowesha midomo.

Zamu ya Yuliria Harefa haikuwa na mwisho. Msichana huyu wa kidato cha mwisho hakuwa mtu wa bonde lile. Alitoka kisiwa cha Nias. Tetemeko kubwa lilipoangusha mji wao lilimchukulia baba, mama na kaka zake wawili, na kanisa likamvusha bahari likamleta shuleni. Mwanzoni hakusema na mtu. Bweni lilikuwa la zege, la ghorofa, naye taa zikizimwa alitoka na blanketi lake kwenda kulala uwanjani penye umande. Mlezi wa bweni alimkemea. Mchungaji wa shule alimwombea. Mama Jiko alimshika mkono akamwingiza jikoni, akamwonyesha juu.

"Tazama hilo paa. Bati tupu, tena limeliwa na kutu. Likituangukia litatukwaruza pua, basi. Lete mkeka wako."

Yuliria alilala jikoni karibu mwaka mzima, na moto uliofunikwa majivu upande mmoja na mkoromo wa Mama Jiko upande wa pili. Hakuulizwa habari za Nias. Aliulizwa kama amekula. Siku moja, bila kuambiwa na yeyote, alikunja mkeka wake akarudi bwenini kama wenzake.

Sasa alikuwa akikamua kitambaa kwenye beseni wakati mchungaji alipoketi kitandani na kumuuliza mgonjwa kama ana neno.

"Mnizike mapema, watoto wakiwa darasani," alisema Mama Jiko. "Ngoma msiite. Ngoma ni ya mtu mwenye watoto. Mkiita, Baba Lamhot atakuja kuwaaibisha mbele za watu, nami nitakuwa nimelala tu siwezi kuwatetea."

Baba Lamhot alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na neno lake ndilo lililokuwa neno la ukoo wa Lumbantobing pale kijijini. Zamani aliwahi kumshauri mdogo wake aoe mke wa pili, na mdogo wake akakataa. Tangu hapo hakuingia jikoni kwa Tiorida hata kunywa maji.

Wanafunzi walikuwa wameshaanza mpango wao. Kwa watu wa Batak, wenyeji wa bonde lile, mzazi anapokaribia mwisho, watoto wake humpikia samaki wa bwawani, yule mnene wa magamba makubwa, wakamlisha kwa mikono yao na kuomba baraka kinywa kikiwa bado kinaweza kusema. Wavulana walikuwa wamepata ahadi ya samaki kutoka mabwawa ya majirani. Lakini habari hazikai bondeni, na kabla ya Jumapili Baba Lamhot alikuwa ametuma ujumbe: kulisha ni kazi ya waliotoka tumboni. Shule na isali inavyopenda, ila isichezee mila za watu.

Yuliria alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mangatur, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mtu akitaka kuwa mtoto wa Mama Jiko, anaanzia wapi?"

Mwalimu Mangatur alivua miwani. "Unajua unachouliza?"

"Najua. Sina ukoo hapa. Mwenye ukoo hawezi kupewa mwingine, lakini mimi naweza."

"Lazima ndugu wa mumewe wakubali. Na kaka zake yeye mwenyewe waje na ulos, kitambaa cha baraka, wawafunike ninyi wawili. Akina Hutagalung hawatakataa. Tatizo ni yule mzee." Alivaa tena miwani. "Atakutukana, Yuliria."

"Mwalimu, kutukanwa si kitu cha kumzuia mtu."

Walimkuta Baba Lamhot barazani kwake, akimenya mahindi, na mkewe akipepeta mchele karibu. Aliwakaribisha kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akatupa gunzi kwenye kapu.

"Kwa hiyo mgonjwa anakufa, shamba la mpunga la ndugu yangu linabaki, na ghafla mtoto anapatikana."

"Sitaki shamba, mzee. Niko tayari kuapa..."

"Kila anayetaka huanza kwa kusema hataki. Na wewe, Mwalimu, umesoma mpaka Ujerumani, hujui kwamba damu ni nzito kuliko maji? Mchuzi wa samaki haubadilishi damu."

"Watoto wetu wote wamepita pale shuleni," mkewe akadakia, ungo ukiwa hewani. "Nani aliwalisha? Damu? Lamhot alipougua surua nani alimkalia, wewe uliyekuwa unacheza sataranji kwa muuza pombe?"

"Mama Lamhot, sijakuuliza."

"Najua hujaniuliza. Ungeniuliza ungejibiwa siku nyingi."

Mwalimu Mangatur alitazama kahawa yake. Mzee akamgeukia Yuliria, na sasa sauti yake haikuwa ya kejeli, ilikuwa ya mtu anayeuliza jambo lililomkalia moyoni.

"Sikiliza, binti. Mtoto si wa siku ya sherehe. Kaburi linaota majani kila mwaka. Wewe utamaliza shule, utarudi kwenu Nias, utaolewa huko. Nani atalipalilia kaburi la ndugu yangu na mkewe? Nani atakuja kulipaka chokaa?"

Yuliria aliweka kikombe chini. Mambo ya kwao hakuwa ameyasema kwa mtu yeyote, hata jikoni.

"Mzee, wa kwetu walizikwa pamoja na watu wengi, kwa haraka, kwa sababu ya jua. Nilikuwa hospitali. Nilipotoka nilionyeshwa uwanja. Sijui mama yangu yuko upande gani. Sijawahi kupata kaburi la kupalilia." Alimtazama mzee usoni. "Shamba mkae nalo. Mimi nipeni kaburi hilo."

Ungo wa Mama Lamhot ulitua. Mzee aliokota hindi jingine akalishika bila kulimenya. Kuku walikuja wakadonoa punje miguuni pake, wala hakuwafukuza.

"Jumamosi," alisema hatimaye. "Waambie akina Hutagalung waje na ulos nzuri, si ile ya sokoni. Na samaki awe mzima, asikatwe mkia."

"Ahsante, mzee. Na kuhusu shamba, naapa mbele yako..."

"Acha hiyo. Mtoto wa ndugu yangu hasimami barazani kwa watu akiapia mashamba. Unanitia aibu. Kunywa kahawa."

Jumamosi walimtoa Mama Jiko na kumkalisha uwanjani juu ya mkeka, mgongo wake ukiegemea magunia ya mchele. Alikuwa amekwisha, mifupa na macho tu. Alikuwa ameambiwa, lakini mpaka alipowaona kaka zake wakikunjua ile ulos nyekundu iliyokoza hakuwa ameamini. Waliwafunika yeye na Yuliria kitambaa kimoja, mabega kwa mabega, wakawawekea punje za mchele utosini ili roho zao ziwe imara. Kaka mkubwa alitamka jina jipya la msichana: Yuliria, binti wa Lumbantobing. Ndani ya kitambaa Yuliria alisikia mwili wa mama huyu ukitetemeka, akamshika kiuno asidondoke.

Samaki aliletwa kwenye sinia, mzima, na mkia wake. Yuliria alimega nyama ya karibu na kichwa, akatoa miba, akamlisha. Mama Jiko alitafuna polepole. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Wavulana wa kidato cha pili, Mama."

"Pilipili ya msituni imepungua. Lakini chumvi wameijua."

Watu walicheka, wengine huku wakifuta machozi. Baba Lamhot hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni akiwa amewapa mgongo nusu, kwa sababu mila ya pale haimruhusu mwanamume kusema uso kwa uso na mke wa mdogo wake. Neno lake lazima lipitie kwa mtu. Siku zote alikuwa akilipitishia kwa yeyote aliye karibu, mara nyingi kwa mbwa. Akakohoa.

"Yuliria."

"Naam, mzee."

"Baba mkubwa. Sema baba mkubwa."

"Naam, baba mkubwa."

"Mwambie mama yako ale vizuri. Mwambie ukoo wa mumewe unamshukuru kwa watoto aliowalea."

Yuliria aligeuka kulifikisha neno. Halikuwa na haja ya kufikishwa. Mama Jiko alikuwa amelisikia. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Baada ya hapo wanafunzi walipita mmoja mmoja. Wasingeruhusiwa kumlisha, lakini mtoto mwenye kibali alikuwa ameketi pale, basi kila mmoja aliweka kipande kidogo katika kiganja cha Yuliria, naye akakipeleka kinywani kwa mgonjwa, au alipochoka, akakigusisha midomoni tu. Kila mmoja alisema "mauliate", ahsante, neno hilo peke yake. Walimu nao wakapanga foleni. Mwalimu Mangatur, aliyekula jikoni pale ujana wake, alipiga magoti kama wengine zamu yake ilipofika.

Mama Jiko alifariki Jumatano iliyofuata, kengele ya kifungua kinywa ikilia. Hakuzikwa mapema. Waliwangoja watu waliosoma zamani, na walikuja kwa mabasi kutoka Medan na kutoka Sibolga, wengine wakiwa na watoto wao. Baba Lamhot mwenyewe ndiye aliyewaita wapiga ngoma. Mtangazaji wa msiba, kila alipomtaja marehemu, alimtaja Mama Yuliria, na wazee wakaitikia bila kusita, kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote. Yuliria alicheza ngoma ya maombolezo mbele ya jeneza, viganja vimeelekea juu, hatua zake zikipotea hapa na pale. Mama Lamhot akaja akacheza ubavuni pake, taratibu, ili amfuatishe.

Kwaya ya shule iliimba wakati udongo ukiingia. Mvua ilikuja, hakuna aliyekimbia.

Majuma yaliyofuata chakula cha shule kilikuwa kibaya, na hakuna aliyethubutu kulisema. Yuliria alifanya mitihani yake. Kuna asubuhi alizoamka akasahau, akaenda mpaka mlango wa jiko kabla ya kukumbuka. Alisimama hapo kidogo, akaingia, akasaidia kuchambua mchele, kisha akaenda darasani.

Siku ya kufunga shule, wazazi walijaa uwanjani kuchukua watoto wao. Yuliria alikuwa amezoea kukaa ndani siku kama hiyo, akifagia bweni mpaka magari yaishe. Alikuwa katikati ya kufagia alipoitwa chini. Baba Lamhot alikuwa amesimama kwenye tope na mwavuli, amevaa koti lake la kanisani, amenuna.

"Nimesimama hapa tangu saa mbili," alisema. "Mizigo yako iko wapi? Mama yako mkubwa amechinja bata, na kesho tunapanda mpunga. Usije ukaniambia hujui kupanda."

"Sijui, baba mkubwa."

"Basi utajua," alisema mzee, akaufunga mwavuli na kupanda ngazi za bweni kwenda kumbebea sanduku.