Mweusi Aliyewapatanisha Walatino wa Smithfield

Mzee Akilimali aliapa kwa Mungu, kwa kaburi la mama yake na kwa goti lake la kushoto, lile lililomalizwa na miaka kumi na saba ya kazi ya ghala, kwamba aliyoyasema yalitokea vilevile, bila chumvi hata punje.

"Andika, mama," alimwambia Leokadia. "Usiache kitu."

Leokadia aliandika. Alikuwa Mtanzania, mwanafunzi wa anthropolojia, na mwaka mzima alikuwa akizunguka kwa Walatino wa Smithfield, Wachile na Wasalvador, akiuliza walifikaje Australia, wanapigaje kura za kaunsili, yaani halmashauri ya mji, na rangi ya mtu ina uzito gani kwao. Watu wawili walikuwa wamemsimulia jambo moja: uchaguzi uliopita Wachile walikuwa na mgombea wao, Wasalvador na wao, kura zikataka kugawanyika, mpaka jirani mmoja mweusi akawapatanisha. Jina hawakulikumbuka. Ndipo akaja kumuuliza mzee, aliyebeba maboksi na Walatino hao tangu atoke Uvira, Kongo, kama anamjua mtu huyo.

Mzee alikohoa kidogo. "Unamtazama."

Akaeleza. Eti aliwaketisha wagombea wote wawili, akawaambia wapike. Mchile akaleta empanada, zile sambusa zao za kuoka. Msalvador akaleta pupusa, chapati nene zenye maharage ndani. Akala kumi na nne za huyu, kumi na moja za yule, akalala saa mbili, akaamka na hukumu.

"Kumi na nne, mzee?"

"Zilikuwa kumi na sita. Nimepunguza kwa ajili yako, wasomi hampendi makubwa."

Leokadia alicheka, akazifuta empanada zote, lakini mpatanishi akambakiza. Sura nzima ya tasnifu yake ikasimama juu ya mzee huyo.

Wiki mbili baadaye alimletea habari: Jumamosi mchana ataisoma sura hiyo mbele ya Walatino wenyewe, ukumbini kwao.

"Kwani lazima usome?" aliuliza Akilimali.

"Lazima, mzee. Habari ni zao. Wakiona nimewaandika sawasawa, wataniruhusu niingie kwenye mikutano yao ya kampeni. Wakiona uongo, nimekwisha, na mwaka wangu wote umekwenda na maji." Akamtazama. "Kuna kitu cha kurekebisha?"

Mlango wa kutubu ulikuwa wazi. Mzee aliuona, akaupita.

"Kitu gani tena? Soma kwa sauti, basi."

Jumamosi alivaa suti, akakaa mstari wa mbele, maana kutokwenda kungekuwa sawa na kukiri. Leokadia alisoma. Alipofika kwa mpatanishi, vichwa viligeuka. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanamke mweusi mwenye aproni na mwiko. Leokadia alikuwa amemwona humo mara mbili, akamsalimu kwa Kiswahili, akajibiwa kwa tabasamu, akadhani ni Mkongo mwenye haya.

"Mimi ni Edelmira," alisema kwa Kiingereza. "Mkolombia. Nahudumia wagonjwa hospitali ya Westmead, na nimepiga kura na watu hawa miaka kumi na tisa. Mimi ndiye niliyewaambia wale wawili, kila mmoja aende kubisha hodi mtaa wa mwenzake, na atakayeleta wageni wengi wa upande wa pili kwenye karamu ya hapa ukumbini ndiye agombee. Huyu baba," akamnyooshea mwiko Akilimali, "aliletwa na harufu ya nyama."

"Nyama ilikuwa nzuri," alisema Akilimali.

Ukumbi ukaangua kicheko. Leokadia hakucheka. Alikuwa akikunja karatasi zake, na akina mama wa kamati ya Walatino walikuwa wameanza kunong'onezana. Mzee alimwona, na moyo ukamsuta. Akasimama.

"Huyu binti hana kosa. Aliniuliza, nikamdanganya. Mkitaka kufukuza mtu, nifukuzeni mimi."

"Kosa analo," alisema Edelmira. "Mwaka mzima anauliza mambo ya rangi, halafu akisikia mweusi, anatafuta Mwafrika." Akawageukia wenzake. "Na ninyi? Rangi yangu mliikumbuka. Jina ndilo lililowashinda."

Wale wasimulizi wawili walitazama viatu vyao. Leokadia alifungua daftari ukurasa mweupe.

"Naomba nianze upya, dada. Nianze na jina lako."

Edelmira alimtazama mwenyekiti wa kamati, bibi wa Kichile aliyekuwa amefumba macho muda wote kama amelala.

"Aje Alhamisi kwenye mkutano," alisema bibi. "Na akiambiwa jambo, awe anauliza mara mbili."

"Na huyu mheshimiwa wa suti?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

Huyo alihukumiwa na Edelmira mwenyewe, ambaye safari hii alikuwa anagombea. Kila Jumamosi hadi siku ya kura atagawa naye vipeperushi Smithfield nzima, na kila mlango ataeleza ni nani aliyewapatanisha, jina kwanza, bila nyongeza.

Walianza alasiri hiyohiyo. Mlango wa kwanza ukafunguliwa na kijana wa Kivietinamu aliyeshika mswaki.

"Jina lake ni Edelmira," alianza mzee. "Ni Mkolombia. Ndiye aliyewapatanisha wagombea wa Wachile na Wasalvador wa hapa. Walikuwa wamefika hatua ya kushikiana mapan—"

Edelmira alimkanyaga mguu taratibu.

"Walikuwa hawaelewani," alisema Mzee Akilimali, na neno hilo lilimtoka kama jino.