Msumari wa Dada Rula

Dada yangu huchora nyumba za watu katika ofisi ya mhandisi, na sisi nyumbani tunamwita Rula. Hupigilia kimsumari kwenye karatasi, akafunga uzi, kisha mistari yote inayoingia ndani ya chumba huifuatisha uzi ule: sakafu, dari, kingo za meza, vyote vikimbilie msumarini. Ukitazama, unaona kama ungeweza kuingia ukavuta kiti. Nimekua naye kitanda kimoja na bado ananishangaza.

Daktari alipomwambia Mama kwamba mwaka hautaisha akiwa anaona, hakulia mbele yetu. "Wanasema macho hayana pazia," alisema. "Yangu yameanza kuwekewa." Kisha akamwomba Rula amchorie jiko la nyumba tuliyokulia, ile iliyobomolewa, alione mara moja tu kabla ya giza.

Rula akachora. Masufuria, rafu, dirisha lenye ufa, hakusahau kitu. Mama akaisogeza picha mpaka puani.

"Huyu wa kule mwisho ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mbona ndoo imenizidi?"

"Ndoo iko karibu. Wewe uko mbali."

"Mbali na nani, mwanangu?"

Rula akainuka, akaenda kuosha mikono. Mimi hasira zikanipanda, nikamfuata hadi kwenye sinki.

"Si umkuze tu! Nani atakuja kupima?"

"Nikimkuza pale alipo, kichwa kitatoboa dari. Litakuwa jitu, si Mama."

"Basi kaiite hiyo rula yako mama!"

Alinikata jicho, akaondoka. Nilikuwa na haki ya kukasirika: macho ya Mama hayakuwa yanatusubiri.

Jioni moja nikamkuta Rula amekaa sakafuni na nguo zake za kazini, miguu kainyoosha, anamtazama Mama akimenya viazi juu ya stuli. Nikadhani kachanganyikiwa.

"Nilichora nimesimama mlangoni kama mgeni," akaniambia. "Sisi tulisimama mlangoni lini? Si tulikuwa tunakaa hapa chini?"

Kanuni yake hakuivunja. Alichora upya kama aliyekaa miguuni pa Mama, akahamisha na msumari. Mtoto aliyekaa sakafuni, macho yake yanalingana na mikono ya mama anayemenya viazi, na hapo ndipo alipoupigilia. Dari, rafu, vigae, vyote vikaelekea mikononi, na Mama akaijaza karatasi bila kutoboa chochote. Ndoo ilijibanza nyuma huko. Nililia, sina haja ya kuficha.

"Haya," Mama akasema, "sasa ndiyo mimi."

Picha ile alikataa isiwekwe kioo. Siku hizi haoni kabisa. Huipakata, akapapasa karatasi polepole mpaka kidole kikute kitundu kilichoachwa na msumari, katikati ya mikono yake miwili iliyochorwa, na hapo hutulia.

"Hapa," hutuambia. "Na nyinyi mlikaa hapa mbele yangu."